Kasuku uani: majani na matunda yanayoweza kumuua

Katika parseli nyingi za mashariki mwa Congo, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni kama mtu wa nyumba. Anaita watoto kwa majina, anaiga mlio wa simu, anagombana na kuku. Vita ikifika, kuna familia zinazombeba ndani ya kapu pamoja na sufuria na mablanketi. Zikifika salama, bado kuna hatari ambayo wachache huifikiria: mimea ya uani na vyakula vya jikoni.

Mama mmoja aliyetoka Walikale alipokelewa na familia moja mjini Goma, yeye na watoto wake wanne. Kasuku wake alizoea kuiga kikohozi cha mume wake, aliyefariki kabla ya safari. Siku ya tatu, mtoto wa wenye nyumba, mwenye miaka sita, alimpa ndege kipande cha avoka. Jioni kasuku alinyamaza. Asubuhi walimkuta amelala chini ya kapu, amekufa. Wenye nyumba walitaka kumchapa mtoto, mama akawazuia: «Alimupatia chakula kizuri ya nyumba. Hana kosa.»

Hakuna hata mmoja pale aliyejua kwamba avoka ni sumu kwa ndege. Ndani yake mna kitu kinachoitwa pesini, ambacho hakimdhuru mtu anayekula tunda hilo, lakini huharibu moyo wa kasuku na kumjaza maji kifuani. Sumu hiyo iko pia kwenye majani, ganda na mbegu. Kasuku ana uzito wa karibu gramu 400 hadi 500 tu, kwa hiyo kipande ambacho mtoto anameza bila kufikiri ni kingi kwake.

Porini kasuku mchanga hufuata wakubwa wake na kujifunza kwao matunda ya kula, kama vile ngazi za mchikichi. Ndege aliyefungwa hana wa kumfundisha. Anaguguna kila kinachofikia mdomo wake, na anapokea kila anachopewa na mkono anaouamini.

Jikoni kuna mengine ya kuangalia. Sombe mbichi ina sumu inayoisha kwa kutwangwa na kupikwa muda mrefu. Usimtupie majani ya muhogo yaliyotoka shambani. Maharagwe makavu yasiyopikwa ni mabaya kwake, na pia majani ya nyanya na ya viazi. Kahawa na chokoleti humvuruga moyo. Karanga zilizoota ukungu huharibu ini lake polepole, na mtu pia hapaswi kuzila.

Uani, angalia miti ya ua kabla ya kutundika kapu. Mbarika ina mbegu zinazoua ndege, na zinaweza kumuua hata mtoto anayezitafuna. Loriye-roze, yenye maua mazuri ya waridi au meupe, inadhuru moyo. Maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, ambayo wengi huyaita datura, ni sumu mmea mzima. Miti inayotoa maziwa meupe ikikatwa inachoma mdomo na macho. Familia iliyohamia mahali pageni iwaulize wenyeji jina na tabia ya kila mmea ulio karibu. Wenye nyumba nao wawaonyeshe wageni, kwa sababu watoto wao watacheza humo humo.

Kasuku huficha ugonjwa, hivyo dalili ndogo ni kubwa. Akitunisha manyoya mchana, akikaa chini ya kapu, akitapika, akiacha kusema, au mkia wake ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi, usingoje kesho. Ondoa chakula alichokuwa nacho. Mweke mahali pa joto, penye giza kidogo na utulivu, mbali na moshi wa makala. Usimmiminie maziwa wala mawese mdomoni kama watu wengi wanavyofanya: yanaweza kuingia kwenye mapafu na kummaliza. Mpeleke haraka kwa daktari wa mifugo aliye karibu, pamoja na kipande cha mmea au chakula alichokula.

Vyakula vizuri havikosekani: papai na embe bila mbegu, ndizi mbivu, mahindi mabichi, lenga-lenga iliyooshwa vizuri, maharagwe yaliyopikwa bila chumvi, na ngazi zikipatikana. Maji yabadilishwe kila siku. Mtu mmoja wa nyumba awe ndiye anayemlisha, na watoto wote, wa wenyeji na wa wageni, wajue kwamba kabla ya kumpa kitu wanamuuliza yeye.

Aliye na kasuku tayari amtunze, kwa maana anaweza kuishi zaidi ya miaka 40. Asiye naye asinunue anayetoka porini. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg, ndege huyu aliwekwa kwenye orodha ya kwanza ya mkataba huo, ile ya viumbe vilivyo katika hatari ya kutoweka. Wengi wanaokamatwa kwenye misitu yetu hufia njiani kabla ya kufika sokoni.