Iktisadi si Ubakhili

Ndugu msomaji, nataka nikueleze kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Ni kisa cha gari dogo la kukokotwa nililoliunda kwa mikono yangu, nalo likanifunza tofauti ya mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: iktisadi na ubakhili. Sikusimulii ili nijisifu kwa ufundi. Utaona mwenyewe kwamba pa kujisifu ni padogo.

Mama yangu ni mzaliwa wa Malindi. Tangu utotoni ameiona bahari ya kwao ikigeuka nyekundu kila mvua za bara zinaponyesha, kwa sababu ya udongo unaoletwa na mto Sabaki. Siku moja akaniuliza, "Hivi maji haya yatoka wapi?" Nikamweleza kwamba mto huo huo, ukiufuata juu, huitwa Galana, nao hupita katika mbuga ya Tsavo Mashariki, na juu zaidi huitwa Athi. Akasema, "Basi nami ningependa kuuona huko, kabla Mola hajanichukua." Haja ya mama, msomaji, si kitu cha kuwekwa kiporo.

Lakini vipi? Hoteli za mbugani si za mfuko wangu mimi, fundi seremala mwenye watoto wawili. Hema nalo halimfai mama. Mgongo wake haumruhusu kulala chini. Ndipo nikakumbuka picha niliyowahi kuiona ya gari la kukokotwa ambalo Wamarekani huliita tone la chozi. Jina limetokana na umbo: mbele limeviringana, nyuma linashuka na kuchongoka. Lilienea kwao miaka ya 1930, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, watu wakijiundia nyuma ya nyumba zao. Na mwaka 1947 jarida la Popular Mechanics likachapisha michoro yake ili kila mwenye msumeno aweze kujaribu. Ndani hamna ila kitanda. Jiko liko nyuma, chini ya kifuniko kinachoinuliwa kama cha kasha, na mpishi husimama nje.

Nikasema bismillahi, nikaanza. Plaiwudi huuzwa ubao wa futi 8 kwa 4, na siri ya unafuu wa gari hili ni kuutii ubao: kila ubavu utoke katika ubao mmoja, na sakafu iwe ubao mmoja, ili kisipotee kipande. Juu nikapinda mataruma ya mti mwepesi, kama mashua iliyofudikizwa. Paa la bati la alumini lingenigharimu, kwa hiyo nikatumia nguo ya marekani, ile ile waliyoijua bibi zetu, ambayo ilipata jina hilo kwa kuletwa pwani na merikebu za Wamarekani katika karne ya 19. Nikaigandisha kwa gundi ya mbao, nikaipaka rangi ya nje tabaka baada ya tabaka, hata ikakauka ikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Viungo vyote nikavitia kalafati, vumbi na maji visipite.

Kwa kuwa njia ya huko ilikuwa mbaya, nilinunua ekseli ya Land Rover iliyokwisha kufa, sawa na gari langu. Faida yake ni kuwa magurudumu ya nyuma hufuata nyayo za yale ya mbele, mwili huinuka juu ya mawe, na gurudumu moja la akiba hutosha pande zote mbili. Godoro lilikuwa la zamani, mapazia ni kanga za mke wangu. Hesabu yote ikafika shilingi 118,000. Wallahi, kila nilipookoa shilingi mia niliona kama nimepata thawabu.

Ikabaki kiungo cha kulishika gari hilo na Land Rover. Nikakiokota kwa wauza vyuma vikuukuu kwa bei ya bure. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa vyuma, akakitia kidole akaniambia, "Mwanangu, ulimi wake wa kufungia umelika. Na minyororo ya usalama iko wapi?" Nikamuuliza bei. Kiungo kipya na minyororo miwili, shilingi 9,000. Nikacheka, nikamwambia, "Mzee, sisi tunamtegemea Mungu." Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Usimsingizie Mungu ubakhili wako. Mfunge ngamia kwanza."

Sikumsikiliza.

Tukatoka Malindi asubuhi ya Jumamosi: mimi, mke wangu, mama, na watoto. Kule nyuma jikoni nilikuwa nimepakia madumu manne ya maji ya lita 20, mtungi wa gesi na masufuria. Hapa, msomaji, palikuwa na kosa la pili ambalo sikulijua. Lita moja ya maji ni kilo moja; basi nilikuwa nimetia kilo 80 mkiani. Gari la namna hii ni kama mzani: mkia ukilemewa, mbele hunyanyuka. Baada ya kupita Langobaya, kwenye njia ya vumbi yenye mawimbi, kile kiungo kililika kikawa kinarushwa juu kila tunapopita shimo.

Ghafla nikahisi Land Rover imekuwa nyepesi. Nikatazama kiooni. Lile tone langu lilikuwa limeiacha njia, likikimbia peke yake kuelekea kundi la mbuzi, na kati ya mbuzi hao amesimama mtoto wa kiume wa miaka kama kumi. Nilipiga honi, sijui kwa nini. Mtoto hakusogea. Gari likapita hatua tatu mbele yake, likamgonga mbuzi mmoja, likaenda kujisokomeza kwenye miiba.

Mama ndiye aliyeshuka wa kwanza, yeye na mgongo wake. Akamshika yule mtoto, akampapasa kichwa, mabega na mikono, kama anayemhesabu. Mbuzi alikufa kabla kisu hakijamfikia, hata nyama yake ikawa haifai.

Babu yake mtoto akaja. Nikatoa pesa mikono ikinitetemeka. Akataja bei ya haki, hakuongeza hata shilingi kumi, nami nikamlipa. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake akasema, "Mbuzi hulipika." Hakusema zaidi.

Tukarudi. Njia nzima mama alikuwa kimya. Tulipokaribia Malindi akaniuliza, "Ile minyororo uliyoambiwa, ilikuwa bei gani?" Nikamwambia. Hakunijibu, na laiti angalinikaripia ingalikuwa nafuu.

Sasa, ndugu msomaji, nikuambie nilichokifahamu. Iktisadi ni kuacha usichokihitaji, na madhara yake, yakitokea, yakupate wewe mwenyewe. Nguo ya marekani badala ya alumini ni iktisadi: ikichanika, nitakayelowa ni mimi. Ubakhili ni kuzuia kilicho wajibu, ili mwingine alipe. Kiungo, matairi, taa za nyuma na minyororo havikuwa vyangu peke yangu. Ilikuwa ni haki ya kila mtu niliyepishana naye njiani. Basi kabla hujapunguza gharama, jiulize: kikivunjika hiki, nani atalipa? Jiulize hayo kwa mpira wa gesi jikoni mwako, kwa nyaya za umeme za nyumba uliyompangisha mwenzio, kwa mashua inayovusha watu bila maboya.

Nilinunua kiungo kipya. Minyororo nimeifunga kwa kuipishanisha chini ya mkono wa gari, ili kiungo kikitoka mkono ulaliwe na minyororo usianguke chini. Maji nimeyahamishia mbele ya ekseli, na mbele nimeacha uzito wa kama sehemu moja katika kumi ya uzito wote. Nikampelekea salamu yule mzee wa vyuma na kumwomba radhi.

Baada ya miezi miwili tukafika Galana, karibu na lango la Sala. Mama akalala juu ya kitanda chake, sisi hemani. Alfajiri baada ya sala nikamkuta ameketi ukingoni, anatazama maji. Akasema, "Kumbe hata huku ni mekundu."

Kila ninapofunga minyororo ile, namkumbuka yule mtoto. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa kiasi, wala tusiwe watu wa kuwatwika wenzetu gharama zetu. Amin.