Msichekelee soap za mathe

Kuna utani mmoja haujawahi kuisha mtaani: ati mathe akiwa kwa soap, nyumba inaweza kushika moto na yeye atangoja matangazo ndio aende kutafuta maji. Sisi vijana tunacheka. Tunasema hizo ni story za matajiri wa Meksiko wanaolia wakiwa wamelala kwa vitanda vizuri, sisi zinatuhusu na nini? Mimi naona zinatuhusu sana, na hasa sisi wa huku Landless. Wacha niwaelezee.

Kwanza angalia jina la mtaa wetu. Landless ni watu wasio na ardhi. Tunalitaja kwa matatu kila siku bila kufikiria. Na pande hizi zote, kuanzia Thika hadi Ruiru, zilijaa mashamba makubwa ya kahawa. Ruiru ndio kuna kituo cha utafiti wa kahawa, na kuna aina ya mbuni ilitoka hapo mwaka wa 1985 inaitwa Ruiru 11. Wanaojua kahawa huko nje wanalijua hilo jina. Sisi Ruiru tunaijua kwa jam na ploti. Hata Tatu City, ule mji mpya wa ekari kama 5,000, umejengwa kwa shamba la kahawa.

Shosho wangu alichuma hiyo kahawa, lakini kwa shamba za wenyewe. Alikuwa analipwa kwa debe. Debe likijaa hesabu yake inaandikwa, lisipojaa shauri yako.

Sasa, kuna soap ilioneshwa hapa Kenya miaka ya 2000 inaitwa Cuando Seas Mía, ya TV Azteca ya Meksiko. Wale wakubwa kidogo mnaikumbuka kwa Paloma na Diego. Paloma ni msichana wa kuchuma kahawa, Diego ni mtoto wa wenye shamba. Watu waliongea Kihispania, ikawekewa sauti za Kiingereza, na shosho hajui zote mbili. Kwa hivyo mathe, wakati huo bado msichana, ndio alikuwa anamtafsiria kwa Kikuyu. Guka naye analia anataka taarifa ya habari ya saa moja. Hapati.

Yenyewe hiyo story haikuanzia Meksiko. Iliandikwa Colombia na Fernando Gaitán, yule yule aliyetunga Betty la Fea, na ikatoka 1994 kwa jina Café, con aroma de mujer. Mwaka wa 2021 Wacolombia wakairudia upya, ikaingia Netflix. Msichana huku anaitwa Gaviota. Waigizaji ni wapya.

Mimi ndio nilimwekea shosho kwa simu, nikiwa mtafsiri wa zamu. Dakika kumi hazijaisha akaniuliza, "Hii si ni ile ya Paloma?" Hakuna mtu alikuwa amemwambia. Miaka karibu ishirini imepita, lugha haijui, lakini aliitambua kwa kahawa. Halafu akaanza kukosoa. "Nani huyu anachuma buni na nywele ameiachilia hivyo? Huyu hajai debe hata moja mpaka jioni." Tulicheka sana.

Lakini kuna mahali aliacha kucheka. Mzee Octavio, mwenye shamba, anaahidi kumpa Gaviota na mamake hektari moja. Moja tu, waache kuhamahama kufuata msimu wa kuchuma. Mzee anakufa kabla hiyo ahadi haijawekwa kwa karatasi. Hapo shosho akanyamaza, akaniambia nisimamishe.

Ndio akanieleza kitu sijawahi kuskia nyumbani. Babake alimwonesha kipande cha shamba kule kwao, akatembea naye mpaka kwa mpaka, akamwambia hii ni yako. Kwa mdomo. Alipokufa, wakagawana wavulana, na yeye akaambiwa msichana hupata shamba kwa bwanake. Bwana naye hakuwa na shamba. Hivyo ndivyo tulifika Landless.

Kumbuka Sheria ya Mirathi ilianza kutumika Kenya 1981, na inahesabu watoto wote, wasichana na wavulana. Babake shosho alikufa baada ya hapo. Alikuwa na haki, lakini hakuna mtu alimwambia, na yeye hakujua pa kuuliza.

Kwa hivyo mkiniambia soap ni za mapenzi tu, nakataa. Hesabu vitu viko ndani: wosia umefichwa, sahihi imeghushiwa, mtoto wa nje amerudi kudai, shangazi ameshika hati za shamba. Hiyo ni familia gani ya Kiambu haina? Mathe zetu huwa wanafuatilia kesi, busu ni ya kusindikiza tu.

Sisemi hizo story hazina uongo. Zina. Gaviota anatoka kwa debe anapanda hadi kuwa mkubwa kwa biashara ya kahawa, na mwishowe anapata mwenye shamba. Shosho alichuma na wanawake wengi sana na hakuna hata mmoja aliyeolewa na mwenye shamba. Na zetu za hapa, kama Maria ya Citizen iliyoanza 2019, zilichukua mpango ule ule wa msichana maskini kwa nyumba ya matajiri. Niliipenda, usinielewe vibaya. Lakini nangoja ile ya mchuma kahawa wa Thika ambaye anapata shamba lake kwa sababu ni lake, sio kwa sababu amependwa.

Kabla hiyo itoke, fanya hivi. Leo usiku usiingie chumbani na simu. Kaa kando ya mathe ama shosho, mwache aangalie, na uone ni wapi ananyamaza. Hapo muulize. Na akikujibu, andika: jina la mahali, mpaka uko wapi, nani alikuwepo. Shosho wangu sasa amesema yote, na mathe amepeleka hayo maandishi kwa wakili auliza kama bado kuna njia. Hatujui atajibiwa nini. Lakini angalau sasa iko kwa karatasi.