Siku Injini Iliponyamaza

Baba alikuwa na Land Rover ya petroli, silinda nne, aliyoinunua ikiwa tayari imechoka. Tulibebea samaki wakavu kutoka Eliye Springs hadi Lodwar, kilomita zipatazo 60. Ukiiacha barabara ya Kalokol na kukata kulia kuelekea ziwani, ni mchanga mtupu mpaka uione mikoma ya chemchemi. Hapo njia panda nilishuka kupunguza upepo kwenye magurudumu, maana gurudumu gumu huchimba mchanga, na gari linalochimba hunywa bila kushiba. Tukirudi, nilijaza upepo kwa pampu ya mguu, jasho likinichuruzika.

Injini ile ilikuwa na mlio wake, tik-tik-tik, kama cherehani. Abiria wakiuliza, Baba alijibu, "Ni tapeti. Zikipiga, zinafanya kazi." Kwenda na kurudi tulitumia jerikeni moja na nusu, yaani lita 30.

Mwaka 2006 ulianza Kenya ikiwa imeachana na petroli yenye risasi. Hatukuhisi lolote. Baadaye, kidogo kidogo, mlio ule ukafifia, hata siku moja nikagundua kwamba namsikia Baba akiimba. Nilifurahi. Lakini jerikeni mbili zilikuwa hazitoshi tena.

Baba aliosha chujio la hewa na kubadilisha oili yake inayonasa vumbi. Akasugua plagi. Akamshuku muuza petroli kwamba anachanganya na mafuta ya taa, lakini mchanganyiko huo hugongesha injini inapobeba mzigo, na yetu ilikuwa kimya.

Fundi mmoja wa Lodwar hakufungua kitu. Alichomeka hendeli mbele, akazungusha injini kwa mkono, polepole. Mara ya kwanza mkono ulikaza. Ya pili ulikaza. Ya tatu ukapita bure.

"Mzee, tangu lini tapeti hazipigi?"

Baba alinitazama.

Fundi akaeleza. Risasi ilikuwa ikiacha utando uliozikinga siti za valvu. Utando ulipokosekana, joto na mzigo vilizila siti, valvu zikazama kichwani. Nafasi ya robo milimita inayoachwa kwenye tapeti ikazibika. Ndiyo maana kimya. Valvu ikawa haifungi sawasawa, nguvu ikivuja, na Baba akikanyaga zaidi kuifidia. Kichwa cha injini kilipelekwa Kitale kutiwa siti ngumu. Kiliporudi, tik-tik ilirudi, na lita 30 zikatosha tena.

Nikaishika kanuni hiyo kama dini: tapeti ikipiga, gari zima.

Miaka mingi baadaye nilimchukua Baba Kakuma kwa gari langu dogo. Juu ya lami, vioo vimefungwa, tik-tik ikasikika.

"Unasikia, Baba? Lina afya."

"Limeanza lini?"

"Leo. Tangu tutoke Kakuma."

"Simama."

Tapeti za gari langu hujirekebisha zenyewe kwa msukumo wa oili, hazitakiwi kulia. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili. Ncha yake ilikuwa kavu. Baba alikitazama, akarudi kuketi garini, mlango wazi, akingoja nimimine.