Malkia Wawili Shimo Moja

Nilifundisha kosa, tena kwa miaka.

Kila nilipofika mada ya wadudu wanaoishi kwa jumuiya, mfano wangu wa ushirikiano ulikuwa sisimizi wa moto, Solenopsis invicta, wenye asili ya Amerika Kusini, walioingia Marekani kwa bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930. Nilieleza jinsi malkia wanavyoshuka baada ya kupandana angani, wakajikata mabawa, wakaingia shimo moja wawili, watatu au zaidi, wasio na undugu wowote. Humo hutaga na kulea bila kutoka nje kutafuta chakula. Huwalisha watoto, ambao ndio watakaokuwa vibarua wa kwanza, kwa mafuta ya miili yao na misuli ya mabawa ambayo hawaihitaji tena. Yote hayo ni kweli. Nikakomea hapo. Makala niliyosoma iliendelea, lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichotaka kusema.

Siku moja binti wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Vibarua wakishatoka, hao malkia wote wanaendelea kuishi?"

Nikamjibu kwamba wanatawala pamoja. Neno lilikuwa bado mdomoni nikajua kwamba sikulisoma popote.

Jioni ile niliimaliza makala. Malkia huungana kwa sababu wakiwa wengi hupata vibarua wengi mapema, na mashimo machanga huibiana mayai na lava. Lenye vibarua wachache hunyang'anywa yote. Vibarua wakishatoka, shida iliyowakutanisha imekwisha. Malkia huanza kuumana, na vibarua huingia vitani, hata dhidi ya mama zao. Kwa kawaida hubaki mmoja. Aliyepungua uzito zaidi kwa kulea ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Sentensi hiyo niliirudia mara nyingi, kwa sababu darasani ndiye niliyemsifu kuliko wote.

Kesho yake nilisahihisha mbele ya darasa, nikamshukuru yule binti. Nikaongeza kwamba wapo sisimizi wa kusini mwa California, Pogonomyrmex californicus, ambao katika baadhi ya maeneo malkia wao huendelea kuishi pamoja. Huo ndio mfano niliokuwa nauhitaji. Lakini wanafunzi waliotangulia walikwisha kuhitimu, na mmoja wao sasa ni mwalimu, anafundishia daftari langu.

Kama nawe unalo, ongeza mstari huu: vibarua wa kwanza wakitoka, malkia hupigana.