Jogoo wa Kuazima

Kiswahili kinatofautisha kuazima na kukopa, na wengi wetu tunaitumia tofauti hiyo kila siku bila kuifikiria. Sufuria unaazima: utarudisha ileile, hata ikiwa na masizi mapya. Unga unakopa: ule utaliwa, utarudisha mwingine. Sasa jogoo je? Ukimchukua jogoo wa jirani aje awapande mitetea wako, unamrudisha yeye mwenyewe, ila kuna kitu chake kimebaki kwako, na kitu hicho kitatotolewa, kitaota manyoya, kitauzwa. Jogoo umeazima, mbegu yake umeikopa.

Mchikichini ninakoishi ni nyumba za Kiswahili zilizobanana, hatua chache kutoka Kariakoo, na kelele za mitumba ya Karume tunazisikia kutwa. Mgeni hategemei kukuta ufugaji huku. Lakini ingia uani, utakuta banda la mbao za makreti na ndani yake kuchi. Kuchi si kuku wa kumwazia mchuzi, bwana. Shingo ndefu, miguu mirefu, kifua mbele kama askari wa gwaride, na jogoo mmoja wa asili nzuri anaweza kukulipia kodi ya chumba miezi kadhaa. Kwa hiyo si kila mwenye mtetea ana jogoo, na watu huazimana.

Masharti yetu ya uani ni ya mdomo. Jogoo anakaa wiki mbili tatu, vifaranga wanagawanywa nusu kwa nusu, mwenye jogoo anachagua kwanza. Pesa haitajwi. Wazee wanakumbusha kwamba Mtume alikataza malipo ya dume la kupandishia. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Bukhari. Zawadi ni jambo jingine, na kifaranga ni zawadi.

Mwaka jana fundi cherehani wa nyumba ya tatu alimwazima mama mwenye nyumba wangu jogoo wake mwekundu, wa ukoo ulioachwa na marehemu baba yake. Kundi la kwanza walitoka wanane, wakagawana wanne wanne, wakashukuriana. Jogoo akarudi kwao. Siku chache baadaye mtetea wa pili akaanza kutaga, akaatamia, na baada ya siku 21 wakatoka sita.

"Hawa ni wangu," alisema Mama. "Jogoo wako alikuwa ameshaondoka."

"Sasa baba yao nani, Mama? Upepo?"

Ingekuwa utani, kama kideri kisingepita kwenye banda la Fundi kikasomba wote: jogoo mwekundu na vifaranga wanne wa mgao. Damu ya kuku wa baba yake ikabaki kwa Mama tu.

Waliniletea mimi kesi, maana mtaani mtu anayeandika gazetini anadhaniwa anajua sheria pia. Nilimpigia afisa mifugo. Akaniambia mtetea huhifadhi mbegu ya jogoo mwilini, na anaweza kutaga mayai yenye uhai wiki mbili na zaidi baada ya jogoo kuondoka. Kwa hiyo Fundi alikuwa sahihi kuhusu damu. Kuhusu makubaliano, hakuna aliyewahi kuyawaza mayai hayo.

Usiku ule nilisoma kuhusu wafugaji wa chatu wa Marekani na Ulaya. Nao huazimana madume, kisha hugawana mayai au watoto. Jike la chatu nalo huweza kutunza mbegu, miezi mingi pengine, kwa hiyo swali la baba ni nani linawasumbua kuliko sisi. Ndiyo maana makini wao huandika: nani achague kwanza, yai la witiri la nani, dume likifa hasara ya nani. Kwetu chatu ni mnyamapori, kumfuga kunataka kibali, lakini maswali hayo matatu yalikuwa yamekaa uani kwetu yakidonoa mtama.

Na taifa zima limewahi kuwa mahali alipokuwa Fundi. Mwaka 2000 vyura 499 wa Kihansi walipelekwa Marekani wakazalishwe, bonde lao likiwa limekaushwa na bwawa la umeme. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Waliorudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, wapatao 100, walikuwa uzao wa waliopelekwa. Uliyempeleka kwa jirani ndiye aliyekubakizia mbegu.

Nilimweleza Mama maneno ya afisa mifugo. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Kisha akasema tusubiri miezi miwili, majogoo wajulikane. Wakatokea wawili. Fundi akaitwa achague kwanza. Akachukua mwekundu.

Mimi nikaandika nusu ukurasa kwa ajili ya safari ijayo: siku, mgao, mayai ya baadaye, kifo. Mama alisaini. Fundi aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Mwanangu, nikitia saini hapa ni kama nasema sikumwamini."

Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Mama alikuwa mwaminifu tangu mwanzo. Kilichokosekana ni neno moja kuhusu mayai ya baadaye. Karatasi bado ninayo, ina saini moja. Na wiki iliyopita jogoo mwekundu ameazimwa tena, mtaa wa pili, kwa mdomo.