Kurudia Wimbo Si Kurudi Nyuma

Yako mawazo yaliyoenea miongoni mwetu kwamba wimbo ukishanaswa mara moja katika kanda au santuri, basi kazi imekwisha. Hudhaniwa kuwa umehifadhiwa, kama mtama uliotiwa ghalani, na kwamba msanii anayetaka kuurekodi tena hana jipya la kusema. Twaona kuwa mawazo hayo yanaudhuru utamaduni wetu, na sisi tunaoishi katika Mkoa wa Singida tunayo sababu kubwa ya kuyapinga.

Na tutazame kwanza mfano wa mbali. Mwaka 1955, Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, alirekodi mjini New York kazi ya Bach, mtunzi wa Ujerumani. Kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1741, ni wimbo mmoja wenye mageuzo 30. Gould alikuwa kijana wa miaka 22, na rekodi hiyo ndiyo iliyomletea sifa duniani. Angeweza kutosheka nayo. Lakini mwaka 1981 alirudi katika studio ile ile, akaipiga kazi ile ile. Mara ya kwanza ilichukua dakika kama 38. Mara ya pili ilichukua kama 51, kwa kuwa sehemu nyingi alizipiga polepole zaidi, na nyingine akazirudia ambazo hapo awali alizipiga mara moja tu. Mwaka uliofuata alifariki. Noti za Bach hazikubadilika. Aliyebadilika ni mpigaji. Mwenye kuzisikiliza rekodi hizo mbili hatafuti ipi ni ya kweli na ipi ni ya uongo, bali husikia ujana na utu uzima wa mtu mmoja. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Hapa nchini kwetu mifano haikosekani. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kurekodi. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba muziki wa dakika tatu hivi, hali taarabu ya barazani haikupimwa kwa saa. Kwa hiyo kilichonaswa kilikuwa sehemu tu ya kile kilichoimbwa. Siti alifariki mwaka 1950, na Bi Kidude alikuwa miongoni mwa waliozipokea nyimbo zake. Wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe aliurekodi zaidi ya mara moja kabla ya kufariki mwaka 2013. Sauti yake ya uzeeni ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. Hata hivyo haikuupunguzia wimbo thamani, bali iliuongezea maana. Lau watu wangeridhika na santuri za kwanza, tungeujua wimbo lakini tusingeijua safari yake.

Tukija sehemu za kati za nchi, tunamkuta Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma katika Mkoa wa Dodoma. Muziki wake si wa Dodoma peke yake, maana Wagogo wako pia katika Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Zawose hakuliacha shina la muziki wa wazee wake, lakini kila alipolirudia alilirudia kwa namna nyingine. Aliiongezea ilimba yake vichuma hadi vikazidi 60. Mwaka 2002 zilitoka rekodi zake mbili: moja alipiga pamoja na mpwa wake Charles kwa ala za kwao, na nyingine alishirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Alifariki mwaka 2003. Rekodi yake moja peke yake isingeweza kutuonyesha upana wa fani yake.

Tangu ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, taifa letu limehimiza ukusanyaji wa ngoma na nyimbo za makabila yote. Kazi hiyo ni njema. Lakini tujiulize jinsi nyimbo zinavyokusanywa. Mzee wa Kinyaturu au wa Kinyiramba huitwa alasiri moja, huketishwa mbele ya wageni, naye huombwa aimbe wimbo wa kupura mtama pasipo mtama wala wapuraji. Huimba beti chache, na kanda huzimwa. Baada ya miaka wanafunzi hufundishwa beti hizo chache kuwa ndio wimbo wenyewe, na kikundi kitakachouimba kama bibi zao wanavyouimba kitaambiwa kimekosea. Hapo kanda, ambayo ilikusudiwa kuulinda wimbo, inakuwa imeufunga.

Wako watakaosema kwamba rekodi nyingi za wimbo mmoja zitawachanganya wanafunzi na kuongeza gharama. Hoja hiyo ina uzito. Mkusanyiko usio na mpango haumfai mtu. Lakini dawa yake ni kuandika kwa kila rekodi jina la mwimbaji, umri wake, mahali, tarehe na shughuli iliyokuwa ikifanyika. Kuhusu gharama, siku hizi hata simu ya mkononi hunasa sauti. Mwanafunzi anayelinganisha rekodi mbili hujifunza jambo ambalo moja haiwezi kumfundisha: lipi katika wimbo ni nguzo isiyoondoka, na lipi ni pambo ambalo kila mwimbaji hujitilia.

Walimu wenzetu, wazee wanaozijua nyimbo hizi wanapungua kila mwaka. Mzee aliyeimba akiwa na miaka 50, aombwe aimbe tena akiwa na miaka 70, shambani au penye shughuli yenyewe. Na akituambia, "Wajukuu zangu, wimbo huu si mlikwisha kuuchukua?" tumjibu kwa heshima kwamba tuliuchukua kweli, lakini jinsi anavyouimba leo bado hatujausikia.