Mmelikubali Kabla ya Kulisikia

Kizazi changu hapa Tezo, pwani ya Kenya, kilipogombania shamba kilikuwa na mahali pawili pa kwenda: kwa wazee chini ya mwembe, au kwa DO, afisa wa serikali wa tarafa. Mahakama Kuu ilikuwa Mombasa, na nauli ya kesi moja ingemaliza kopra ya msimu mzima. Basi mkishindana juu ya mpaka, au juu ya mikorosho ambayo huyu ameipanda katika ardhi ya yule (kwetu pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe), kila upande ulitoa kadzama ya tembo la mnazi, wazee wakaketi. Lolote watakalosema, nyote wawili mmelikubali kabla ya kulisikia.

Hapo ndipo penye uzito. Kukubali hukumu ambayo hujaijua ni ahadi kubwa kuliko kukubali bei ya ng'ombe. Kilichowashika watu waitimize hakikuwa karatasi. Ilikuwa ile kadzama iliyonywewa hadharani, majirani walioshuhudia, na jambo likiwa zito, kiraho, kiapo ambacho hakuna Mgiriama wa enzi zetu aliyekichezea.

Serikali nayo ilitaka wazee, lakini kwa namna yake. Sheria ya 1981 iliweka kesi za ardhi mbele ya wazee wakiongozwa na DO. Ile ya 1990 ikaunda mabaraza ya migogoro ya ardhi, ambayo uamuzi wake ulipelekwa kwa hakimu ukasomwa kama hukumu ya mahakama. Kazi yao ilikuwa mipaka, haki ya kukaa au kulima, na kuingiliana mashamba. Wazee wengi wakavuka kazi hiyo, wakaamua shamba lenye hati liandikwe jina la nani. Mahakama zikawa zinafuta maamuzi hayo moja baada ya jingine, kwa sababu uwezo huo hawakupewa. Mwaka 2011 mabaraza yenyewe yakaondolewa sheria ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipopita.

Katikati ya hayo ilikuja Katiba ya 2010. Kifungu cha 159 kinaziagiza mahakama kuendeleza mapatano, upatanishi, usuluhishi na njia za jadi. Kifungu cha 60 kinataka jamii zihimizwe kumaliza migogoro ya ardhi zenyewe. Wazee wenzangu walishangilia, na walikuwa na haki. Baadhi yao wakadhani sasa neno lao linaingia mahakamani bila kubisha hodi.

Kisha ikatoka hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi, mwaka 2013. Shauri lilitoka Tana River, kwa wazee wa Gasa, baraza la wazee la Wapokomo, na lililobishaniwa katika rufaa ni kama mahakama ya hakimu ingeweza kuupokea uamuzi wao. Jaji alisema kesi haiwezi kutolewa mahakamani ikapewa wazee ila kwa ridhaa ya pande zote, tena ridhaa hiyo iandikwe na mahakama mbele ya wenye kesi au mawakili wao. Kifungu cha 159 peke yake hakitoshi.

Wako waliosema mahakama imewadharau wazee. Mimi siafiki hata kidogo. Jaji yule alisema jambo ambalo wazee wa kale walilishika siku zote: hakuna kikao mpaka pande zote mbili zimetoa kadzama. Sisi tuliokuja baadaye, tuliozoea wazee wa kuteuliwa na ofisi, ndio tuliosahau kuuliza kwanza, "Na wewe, mwanangu, umekubali tuamue?"

Wajukuu zangu wao wanakubali kila siku bila kujua wamekubali nini. Kijana wa hapa anapata kazi ya kupeleka samaki au mboga katika hoteli ya Watamu, au anachukua uwakala wa kampuni kubwa, anawekewa mkataba, anatia sahihi. Ndani yake mna kifungu kwamba ugomvi wowote utaamuliwa na msuluhishi. Sheria ya Usuluhishi ya 1995 inataka mapatano ya namna hiyo yawe ya maandishi, na yakishaandikwa, yanashika. Ukikimbilia mahakamani, mwenzako anaweza kuomba kesi isimamishwe mwende kwa msuluhishi, mradi aombe mapema, asisubiri kesi ishike njia.

Na msuluhishi akishaamua, mlango wa nyuma ni mwembamba mno. Tarehe 6 Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua shauri la kampuni mbili, Nyutu Agrovet na Airtel, lililotokana na mkataba wa usambazaji. Msuluhishi alikuwa ameamua Nyutu ilipwe zaidi ya shilingi milioni 541, na Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi huo. Swali likawa, je, aliyeshindwa hapo anaweza kukata rufaa? Majaji walio wengi walisema anaweza, lakini kwa nadra sana, pale tu Mahakama Kuu yenyewe inapotoka nje ya sababu zilizomo katika sheria. Kwamba msuluhishi amekosea hesabu au hakukuelewa, hiyo si sababu. Kwa hiyo mchague msuluhishi wako kwa makini kama unavyochagua shamba, na kifungu hicho kisome kabla ya kutazama malipo.

Kwetu wazee nina ombi. Tuandike. Kabla neno la kwanza halijasemwa, pande zote mbili ziweke sahihi au kidole kwenye karatasi inayotaja ni wazee gani, wanaamua jambo gani, na kwamba kila mmoja amekuja kwa hiari. Kama kesi iko mahakamani tayari, ridhaa hiyo ipelekwe kwa hakimu kwanza.

Lakini sahihi pekee hainiridhishi, na hapa nasema na wanaume wa rika langu. Mjane anayeitwa mbele ya shemeji zake saba kujadili shamba la marehemu, na hata mzee mmoja mwanamke hayuko kikaoni, atatia kidole popote atakapoonyeshwa. Katiba hiyohiyo inakataza njia ya jadi inayovunja haki za mtu. Mwanamke huyo akienda mahakamani Malindi kupinga uamuzi wetu, nitasimama upande wake.